Kufunga mkonga kwenye Vigo mwenyewe nyumbani, nianzie wapi wakuu?

Mpunga Mbichi

Wakuu habari za jioni, msaada kwenye tuta.

Nina Hilux Vigo dabo kabini ya 2009, injini ni 2KD ile ya dizeli ya 2.5, gia za mkono. Kazi yangu ni kuzunguka kukusanya mpunga huku Lupiro, Mtimbira mpaka Malinyi. Tangu daraja la Kilombero lifunguliwe 2018 habari ya kusubiri kivuko imekwisha, lakini ukishavuka daraja masika yakikolea bado kuna sehemu bonde lote linajaa, barabara huioni, unafuata miti tu na kumuuliza mwenye ng'ombe. Mwaka huu mwezi wa nne nimepita mahali maji yakaja juu ya bampa, yakaanza kupanda boneti, nikasali sala zote ninazozijua na nyingine za jirani. Nilitoka salama lakini niliapa sirudii bila mkonga, yaani snokeli, lile bomba linalopanda kando ya kioo mpaka usawa wa paa ili injini ivute hewa ya juu.

Sasa nimeshuka Dar nikanunua mkonga Kariakoo, wa Kichina, laki tatu na nusu. Ndani ya boksi kuna bomba lenyewe, kichwa, kipande cha kushikia kwenye nguzo ya kioo, boliti sita, bomba fupi la mpira, klipu na karatasi ya kiolezo cha kutobolea fenda. Maelekezo yote ni Kichina na picha moja ambayo hata sijui nimeishika juu chini au vipi.

Nilipita kwa fundi mmoja mjini Morogoro anataka laki mbili kufunga. Nikamuuliza ameshafunga mingapi, akasema "hiyo kazi ndogo tu bosi". Nikaliwazia jibu lile, nikawasha gari nikaja zangu nyumbani.

Nina dirili, spana, na shemeji yangu ambaye hana kazi. Naogopa tu kutoboa fenda ya gari ambayo sijamaliza hata mkopo wake. Waliowahi kufanya naombeni mnielekeze, na pia ni kweli mkonga unaongeza nguvu ya injini? Jirani ananiambia nitaiona tofauti.

Bati Jembamba

Mkuu mimi ni fundi bati hapa Arusha, nimefunga mikonga mingi sana, mingi ni Land Cruiser za kubeba watalii, Vigo nimefunga kama sita hivi. Kutoboa ndo kunatisha watu ila ndo sehemu rahisi kuliko zote, kazi yenyewe ipo ndani kusikoonekana, ambako hakuna mtu atakayekuja kukusifia.

Anza kwa kufungua. Toa tairi la mbele upande wa dereva maana ndo upande ilipo ea klina kwenye Vigo, weka stendi au gogo usiamini jeki peke yake. Toa ile plastiki ya ndani ya fenda, vibanio vyake vikishakaa jua la miaka kumi na kitu vinakatika vyote kwa hiyo nunua vipya kabla hujaanza. Ukishaitoa utaliona bomba la plastiki linalovuta hewa ndani ya fenda kupeleka kwenye boksi la ea klina. Hilo linatoka, pale ndo pataingia mpira wa mkonga. Likishatoka tu ziba mdomo wa boksi kwa tambara ili vumbi la chuma lisiingie wakati unatoboa.

Kiolezo usikiamini, hasa cha Kichina. Kibandike kwa tepu ya karatasi, halafu msimamishe shemeji aushike mkonga wenyewe juu yake, wewe rudi nyuma hatua tano uangalie kama umelala sambamba na nguzo ya kioo kuanzia chini mpaka juu. Kisha fungua mlango wa dereva mpaka mwisho, fungua na boneti. Nimeshaona mtu kapima kila kitu mlango ukiwa umefungwa, kapiga na riveti, kuja kufungua mlango unakula mkonga.

Ukiridhika piga alama, toboa tundu dogo la mili tatu kwanza, ndo uje na ile biti ya duara kama wanayotobolea maseremala matundu ya vitasa ila iwe ya chuma. Kabla hujaiwasha hiyo dirili chungulia ndani kwa tochi, kuna waya zinapita humo. Dirili iende pole pole, dondoshea oili kidogo, usikandamize. Vipande vya chuma vikusanye vyote, vikibaki ndani ya fenda vinaota kutu na kutu haikai peke yake.

Tundu likitoka lainisha kingo kwa tupa, pangusa, piga praima, piga rangi, acha mpaka kesho. Nimesema kesho, sio baada ya chai. Kila tundu fanya hivyo hata yale madogo ya boliti, fenda nyingi zinazooza hapo hazikuoza kwa maji ya mtoni, zimeoza kwa uvivu wa siku ile ile.

Gundi: ile silikoni ya bei chee inayonuka siki usiitumie kwenye bati, ile asidi yake inakula chuma. Tafuta Sikaflex au kitu cha aina hiyo, mafundi wa bodi za mabasi wote wanayo. Kwenye ile riveti ya nguzo ya kioo paka gundi ndani ya tundu kabla ya kuipiga, la sivyo mvua ikinyesha utashangaa goti la kulia linalowa na hujui maji yanatoka wapi.

Halafu sasa ndo tuje kwenye kazi. Kila kiungo kati ya kichwa cha mkonga na ea klina kiwe hakipitishi hewa, mpira klipu mbili, na mfuniko wa boksi la ea klina angalia ule mpira wake wa kuzunguka kama haujakakamaa. Na chini ya boksi lenyewe kuna kijitundu cha kutolea maji, kina kimpira kama mdomo wa bata. Gari ya zamani hicho kimpira kinakuwa kimeshakauka kiko wazi muda wote. Yaani utaweka bomba refu mpaka juu ya paa halafu maji yaingie kwa mlango wa chini.

Ukimaliza washa gari, iache inaunguruma bila kukanyaga mafuta, ziba kichwa cha mkonga kabisa. Injini inatakiwa izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, kuna mahali inaiba hewa, na pale inapoibia hewa ndo itakaponywea maji. Usizibe kwa kiganja, inavuta, tumia kitu bapa.

Nguvu ya injini msahau. Huyo jirani muulize yeye anaendesha nini.

Kibao Kata

Na life jaketi umenunua au bado upo kwenye mkonga?

Mpunga Mbichi

Hahaha Kibao Kata acha hizo, jirani anaendesha bodaboda.

Fundi Bati nashukuru mno kaka, hiyo ya mdomo wa bata nilikuwa siijui kabisa. Naisoma mara ya tatu.

Mzee wa Inyonga

Kijana sikiliza na mimi nikupe kisa maana fundi amegusa penyewe.

Miaka ya nyuma nilikuwa dereva wa mradi mmoja huku Katavi, tuna Land Cruiser haditopu 1HZ, mkonga mrefu mweusi, ukiiona unajua hii inavuka bahari. Tulikuwa njia ya Inyonga, korongo limejaa, maji yamesimama hayaendi, nikashuka nikapima kwa fimbo yakanifika mapajani. Nikasema hii si ndo kazi ya mkonga. Nikaweka lo, ile ya nguvu ya foo wili, gia ya pili, nikaingia. Katikati gari ikatoa mlio mmoja tu, ko, ikazima. Sio kuzima ya kukohoa, ni kama mtu kaishika kwa mkono.

Kosa langu la pili ndo kubwa kuliko la kwanza, nikapiga stata. Ikagoma, nikapiga tena.

Tulivutwa na trekta kesho yake. Gereji walipofungua konrodi namba tatu, ile fito inayoshika pistoni, imepinda kama ndizi, fundi aliitoa akaiweka juu ya boneti tukaiangalia kimya. Maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta mle juu lazima kitu kikubali, na kilichokubali ni konrodi.

Sasa sikia. Walipotoa plastiki ya fenda kutafuta maji yameingilia wapi, wakakuta mkonga umefungwa nje tu. Tundu la fenda lipo, boliti zipo, ila ule mpira wa kuunganisha na ea klina haukuwahi kuwekwa. Gari ilikuwa inavuta hewa pale pale chini siku zote, na mimi nimeiendesha miaka miwili najisifia mkonga. Aliyefunga simjui na nisingemtaja, lakini toka siku hiyo gari ya mtu nikipewa kitu cha kwanza nafungua boneti nafuata bomba kwa mkono wangu.

Ikikuzimia majini usipige stata. Itoe nje kwa kuivuta, fungua pulagi za kupashia, hizo ni rahisi kuliko nozeli kwenye hiyo 2KD yako, ndo uzungushe injini iteme maji. Vuta na kijiti cha oili, ukikuta imekuwa kama chai ya maziwa usiwashe kabisa, mwaga oili kwanza.

Laga ya Turkana

Niaje wasee, mimi niko Kenya upande wa Lodwar, naendesha gari za kubeba mizigo. Huku kwetu maji ni ya kuhesabu, laga, hii mito yetu ya mchanga, zinajaa masaa machache halafu mchanga tena. Lakini gari zote za huku ziko na snokeli, huo mkonga wenu, na sababu ni vumbi bana. Ukifuata lori kwa ile njia ya kwenda Lokichoggio, vumbi iko nzito chini kwa magurudumu, pale juu kwa paa iko afadhali sana. Kabla niweke nilikuwa natoa ea klina naipiga na upepo kila wiki, imejaa ile unga nyeupe. Sasa inaenda muda mrefu na bado iko sawa.

Kwa hivyo hata kama mafuriko haitakupata, hiyo pesa hujatupa. Weka ile kichwa ya bakuli inazungusha upepo, ile vumbi inabaki kwa bakuli unamwaga tu jioni, kama ya matrekta. Ile ya kawaida inaangalia mbele ni sawa kwa mvua, ina matundu nyuma ya kutoa maji, lakini ukiwa nyuma ya lori kwa vumbi wengine wanaigeuza iangalie nyuma.

Kitu ingine, ile kichwa imeshikwa na klipu moja tu. Yangu ilienda usiku mmoja nikiwa nimelala ndani ya gari, najua hamwezi amini. Piga skrubu ndogo kwa upande.

Kibao Kata

Laga ulilala usingizi au ulizirai

Laga ya Turkana

Usingizi ya dereva wee iwache tu.

Chuma Chakavu

Naingilia kati kidogo. Laki tatu na nusu za nini? Mimi nimechomelea bomba la ekzosi la mita mbili, upana inchi tatu, kona mbili, nikapaka rangi nyeusi, gharama haikufika laki. Ipo kwenye Hilux ya zamani mwaka wa nne huu. Hata bomba la PVC la chooni linafanya kazi.

Bati Jembamba

Chuma bomba la chuma sina ugomvi nalo ukichomelea vizuri na ukasafisha ndani, ile makapi ya kuchomelea ikibanduka inaenda moja kwa moja kwenye ea klina. Ila linakuwa na kutu kwa ndani baada ya muda na hulioni. Na uzito wake ukishikwa na riveti mbili kwenye nguzo ya kioo, barabara ya makorongo inakupasua bati.

PVC ya chooni hapana. Jua la kwetu linaikausha inakuwa kama ganda la yai, siku tawi likigusa inapasuka kwa upande wa nyuma na wewe huoni. Mikonga mizuri plastiki yake imetengenezwa kwa ajili ya jua. Na kitu kingine, kipenyo kisipungue kile cha mdomo wa ea klina, na kona ziwe za mviringo sio za kuvunjika tisini. Injini ya tabo ukiibana pumzi inakula mafuta na kutoa moshi.

Chuma Chakavu

Ya kwangu haitoi moshi.

Bati Jembamba

Sawa mkuu.

Mtoto wa Mwera

Assalamu alaykum jamaa. Mie ni mtu wa Unguja lakini nipo Oman mwaka wa kumi na moja sasa, nasoma kimya kimya siku zote, leo imebidi niseme.

Huku kuna mabonde makavu wanayaita wadi, mvua ikinyesha mlimani huko hata huioni, huku chini jua linawaka, mara unaona maji yanakuja na mawe. Watu wana magari ya fahari, Land Cruiser, Patrol, mkonga ule wa Safari wa Australia, tairi kubwa, na hao hao ndo wanachukuliwa. Mkonga unazuia maji yasiingie kwenye injini basi, hauzuii gari kuelea. Gari kubwa nayo maji yakipita nusu mita yakaanza kuinyanyua tairi zinaachia chini, na maji yakiwa yanakwenda huna usukani tena, wewe ni abiria. Huku serikali imeona watu hawasikii ikaweka kuwa kuvuka wadi inayotiririka ni kosa, unafungwa na unatozwa.

Sasa wewe ndugu yangu uliyesema maji yalipanda boneti, mie ningekuuliza kwanza, yalikuwa yamesimama au yanakwenda?

Mpunga Mbichi

Waalaykum salaam. Yalikuwa yamesimama mzee, ni mbuga imejaa, ila pale kwenye kalavati kulikuwa na mkondo kidogo nao niliusikia unaisukuma nyuma kulia. Nilinyamaza hapo juu sikusema maana nilijua mtanisema.

Mtoto wa Mwera

Ndo pale pale.

Mzee wa Inyonga

Kijana ukifika mahali kama hapo tembea kwanza kwa miguu na fimbo. Kama wewe mwenyewe huwezi kusimama basi gari nayo haitasimama. Ukiingia ingia pole pole mpaka uone lile wimbi dogo mbele ya bampa, lifuate kwa mwendo ule ule, usilipite na usikanyage klachi katikati. Na usipige resi kubwa, panga za feni zikikutana na maji mengi zinajikunja zinaenda kukata redieta.

Na kuhusu kina, nawaona vijana wanavuka maji ya kioo cha dirisha kwenye video. Kampuni zenyewe zinatoa kipimo, Hilux Revo wanaandika milimita 700, Land Rover Defender ya zamani yenye sifa zote hizo ni 500 tu. Na hapo ni gari ikiwa mpya, raba zake zote mpya.

Bati Jembamba

Nilisahau breza. Mpunga, ukimaliza mkonga bado hujamaliza. Difu ya mbele, difu ya nyuma na gia boksi zote zina kijibomba cha kupumulia. Difu ikiwa ya moto umetoka kukimbia kilomita hamsini halafu ukaitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta. Kama breza imeziba kwa tope inavuta maji kwenye sili za ekseli. Baada ya mwezi unasikia mlio wa nyuma unasema spea feki, kumbe oili imekuwa maziwa.

Chukua mpira wa mafuta wa dizeli ule mwembamba, chomeka kwenye breza, upandishe mpaka juu karibu na mkonga, mwishoni weka filta ndogo ya petroli ya pikipiki isiingie vumbi. Elfu ishirini haifiki. Hiyo kazi peke yake ina faida kuliko mkonga kwa gari inayovuka tope kila siku, ila haionekani kwenye picha ndo maana watu hawaifanyi.

Mpunga Mbichi

Wakuu nimerudi, wiki mbili baadaye. Mkonga upo kwenye gari.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kufungua tu, na vibanio vya fenda kweli vilikatika, tisa kati ya kumi na moja. Kiolezo cha Kichina nilikibandika, shemeji akashika mkonga, nikarudi nyuma hatua tano kama fundi alivyosema, nikakuta juu umeachana na nguzo ya kioo kama vidole vitatu. Yaani kingenipotezea fenda. Tukakisogeza mpaka mkonga ukalala, tukafungua mlango mara kumi, tukatoboa.

Ile dakika biti ya duara inagusa rangi jamani. Mke wangu alitoka ndani akasimama mlangoni na mtoto, hakusema kitu, akarudi ndani. Kile kipande cha duara kilipodondoka nimekiweka kwenye droo ya dashibodi kama kumbukumbu ya mkopo.

Praima, rangi, mpaka kesho. Sikaflex nimepata kwa wale wanaotengeneza bodi za fuso. Boliti sita za kwenye boksi mbili ziliteleza nyuzi nilipokaza kidogo tu, nikaweka zangu za chuma cha pua.

Kisha jaribio. Nikawasha gari, nikapanda juu ya tairi, nikaziba kichwa kwa kandambili. Gari inaunguruma tu. Nikakandamiza, inaunguruma. Shemeji akasema labda dizeli hazizimi hivyo. Nikakumbuka mpira wa boksi, nikawasha dawa ya mbu ya kuzungusha nikawa napitisha ule moshi kwenye kila kiungo, kwenye mpira wa mkonga moshi unapanda zake juu, kwenye mfuniko unapanda, kufika chini ya boksi moshi ukapinda ukaingia ndani kama umeitwa. Mdomo wa bata, fundi. Umekauka uko wazi, kidole changu kidogo kinapita.

Kipya sikupata, nikaziba kwa skrubu ya chuma cha pua na Sikaflex, nimejiwekea kila Jumamosi nafungua mfuniko kuangalia kama kuna maji ya mvua yametuama. Nikarudia kandambili, ikahesabu moja mbili tatu ikazima. Shemeji alishangilia kama goli.

Breza nimefanya difu ya nyuma, ya mbele bado sijapata mpira wa kutosha.

Swali moja lililobaki. Sasa hivi nikiwa na kioo wazi nasikia tabo inapiga mluzi sikioni, hilo nadhani kawaida. Lakini gari naiona imekuwa nzito. Kile kilima cha kutoka mjini nilikuwa napanda na gia ya tatu sasa inataka ya pili, na kuna moshi mweusi kidogo nikikanyaga. Ni kwamba mkonga wa Kichina unabana hewa au?

Chuma Chakavu

Nilisema mimi. Laki tatu na nusu.

Laga ya Turkana

Toa ile kichwa uendeshe bila, uone kama iko tofauti. Hiyo mluzi ni kawaida, utazoea, mimi sasa nikiendesha gari haina naona kama nimeziba masikio.

Mpunga Mbichi

Nimetoa kichwa, ni vile vile.

Bati Jembamba

Mpunga, lile tambara nililokwambia uzibie mdomo wa boksi wakati wa kutoboa, ulilitoa?

Mpunga Mbichi

Nilimwambia shemeji alitoe.

Bati Jembamba

Sijauliza ulimwambia nani.

Mpunga Mbichi

Ngoja.

Kibao Kata

Tunangoja

Mpunga Mbichi

Nimelitoa. Ilikuwa fulana ya shemeji ya Simba, anasema alikuwa anaitafuta tangu wiki iliyopita. Limenyonywa limeingia mpaka ndani ya boksi likajikunja upande, limekuwa jeusi tii. Nimetoka kujaribu kilima, gia ya tatu, haina moshi.